Magofu Yasifanywe Mapya

Siku hizi, ukipita mbele ya ofisi za wauzaji wa safari, hutakosa kuona karatasi za picha za rangi zinazowaalika watu kuzuru nchi mbili za milimani kwa mpigo mmoja, yaani Armenia na Georgia. Siku saba, siku nane, au kumi kwa mwenye nafasi na fedha. Msomaji asije akachanganya mambo: Georgia tunayoitaja hapa si lile jimbo la Marekani, bali ni nchi iliyo upande wa kusini wa milima ya Caucasus, ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Armenia i kusini yake, nayo haina pwani hata hatua moja. Zote mbili zilikuwa chini ya Muungano wa Sovieti hadi mwaka 1991, na zote mbili zilikuwa nchi za Kikristo kabla mataifa mengi ya Ulaya hayajalisikia jina la Yesu.

Mwandishi wa maoni haya aliifuata njia hiyo kwa siku nane, akiwa na wenzake kumi na wawili ndani ya basi dogo lisilozidi matatu zetu kwa ukubwa. Alirudi na vumbi la makanisa katika viatu, na swali moja ambalo ndilo linalotufanya tuandike leo. Jengo la kale likibomoka, mwenye nalo afanyeje? Alijenge upya lipendeze, au aliache jinsi lilivyo na kulizuia tu lisianguke zaidi? Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni jambo la wataalamu peke yao. Sivyo hata kidogo. Huko jambo hilo limewagonganisha watu wa kanisa, wanasiasa na wataalamu wa majengo, na limelitoa kanisa moja mashuhuri katika orodha ya urithi wa dunia.

Safari huanzia Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Kutoka huko watu hupelekwa kwanza Khor Virap, monasteri iliyojengwa juu ya kilima kidogo katikati ya mashamba ya mizabibu. Mbele yake umesimama mlima Ararat, wenye theluji kileleni na urefu wa mita 5,137. Waarmenia wameuweka mlima huo katika nembo ya taifa lao, lakini wenyewe uko Uturuki, na mpaka ulifungwa mwaka 1993. Mtu huuona karibu kana kwamba angeufikia kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Chini ya kanisa dogo la Khor Virap mna shimo ambamo, kwa masimulizi ya Kanisa lao, Mtakatifu Gregory alifungwa miaka kama 13 kwa amri ya Mfalme Tiridates, kabla mfalme huyo hajaugua, akaponywa na mfungwa wake mwenyewe, akabatizwa. Waarmenia wanahesabu kwamba mambo hayo yalitokea mwaka 301. Ngazi ya kuteremkia shimoni ni ya chuma, tundu lake ni jembamba, na mwenye kitambi afikiri mara mbili.

Kanisa hilo la Armenia si geni sana kwetu sisi wa Afrika Mashariki kama tunavyodhani. Ni ndugu wa imani moja na Kanisa la Orthodox la jirani zetu Waethiopia. Tena, mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, alikutana Jerusalem na mayatima wa Kiarmenia waliokuwa wameponea mauaji ya mwaka 1915, akawachukua vijana 40 hadi Addis Ababa wakawe wapiga tarumbeta wake. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliotumika wakati wa ufalme. Kwa hiyo mwimbo uliokuwa ukisikika ng'ambo ya Moyale kwa miaka mingi ulitoka mkononi mwa mwana wa milima hiyo.

Kabla hatujaondoka Yerevan, yafaa tuitaje Matenadaran, nyumba inayohifadhi vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Alfabeti ya Kiarmenia iliundwa na mtawa Mesrop Mashtots mnamo mwaka 405, na tangu hapo watawa hawakuacha kunakili. Humo mna kitabu kimoja cha mahubiri, kutoka Mush, kilichoandikwa kati ya mwaka 1200 na 1202, ambacho uzito wake ni kama kilo 28. Mwaka 1915 wanawake wawili waliokuwa wakikimbia mauaji walikikuta katika magofu ya monasteri. Hakuna aliyeweza kukibeba peke yake, basi wakakigawa vipande viwili. Mmoja alikifikisha kipande chake Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa lao. Mwenzake alishindwa njiani akakizika chake, nacho kikaja kupatikana baadaye. Leo vipande vyote viwili vimo katika nyumba moja. Wanawake hao hawakuwa na elimu ya makumbusho wala hawakutumwa na serikali yoyote. Walikichukua tu, wakati ambapo wangeweza kuchukua unga.

Tunalitaja hilo makusudi, kwa maana ukilijua hutazuru makanisa ya nchi hiyo kwa macho ya mtu anayetafuta mahali pa kupigia picha. Bahati mbaya ndivyo tulivyozurishwa. Kampuni iliyotuchukua ilikuwa imepanga monasteri tatu au nne kwa siku, na Haghpat, ambayo ni moja ya kubwa kuliko zote za kaskazini, tulipewa dakika ishirini na tano, pamoja na kwenda msalani. Haghpat ilianzishwa katika karne ya kumi. Ndani yake mna ukumbi ambao paa lake limebebwa na matao ya mawe yanayokatana, bila nguzo hata moja katikati, na mwanga huingia kupitia tundu la juu ukaangukia mawe ya makaburi yaliyotandazwa sakafuni. Mna chumba cha vitabu chenye midomo ya mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini. Mna jiwe la msalaba la mwaka 1273, lililochongwa kwa uangalifu kama lesi ya kitambaa cha meza, lenye sura ya Kristo na mitume wake. Dakika ishirini na tano! Mtu akimtembelea shangazi yake kijijini kwa muda huo ataambiwa kwamba amekuja kuazima moto.

Mengine tuyapitie upesi, ingawa kila moja lingestahili makala yake. Geghard imechongwa nusu yake ndani ya mwamba wenyewe, na mna chemchemi inayotiririka sakafuni mwa kanisa. Noravank imejificha katika bonde la majabali mekundu, na huko mchongaji Momik alijenga katika karne ya kumi na nne kanisa la ghorofa mbili ambalo ngazi zake ni vibao vya mawe vilivyotokeza ukutani, havina pa kushika. Wazee wawili wa kikundi chetu walipanda na kushuka kwa matako. Sevan, iliyoanzishwa mwaka 874, ilijengwa juu ya kisiwa, lakini leo watu hufika kwa miguu, kwa kuwa katika enzi za Sovieti maji ya ziwa yalivutwa kwa ajili ya umeme na kunyweshea mashamba hata yakashuka karibu mita 20, na kisiwa kikashikana na nchi kavu. Kijijini Sanahin, jirani ya Haghpat, walizaliwa ndugu wawili wa ukoo wa Mikoyan. Anastas alipanda hadi kilele cha serikali ya Sovieti, na Artem alikuwa mmoja wa wabunifu wa ndege za kivita za MiG. Ndege moja ya namna hiyo imewekwa penye makumbusho yao, mwendo mfupi tu kutoka kwenye monasteri ya karne ya kumi. Watoto hawana habari na monasteri, wote wako penye ndege.

Sasa turudi kwenye swali letu, na tuanze na Garni, iliyo njiani uendapo Geghard. Garni si kanisa. Ni hekalu la karne ya kwanza, la enzi za kabla ya Ukristo, lenye nguzo 24 za mawe meusimeusi, na limesimama ukingoni mwa korongo. Mwaka 1679 tetemeko la ardhi lililiangusha lote. Eneo hilo ni la matetemeko; wengi wetu tunakumbuka lile la Desemba 1988 lililowaua watu wasiopungua 25,000 kaskazini mwa Armenia. Kwa karibu miaka mia tatu hekalu la Garni lilikuwa rundo la mawe. Halafu, kati ya mwaka 1969 na 1975, wajenzi wakiongozwa na Alexander Sahinian waliliinua tena. Waliokota mawe yaleyale, wakatafuta kila moja lilikuwa wapi, wakalirudisha. Palipokosekana jiwe waliweka jipya, lakini hawakulichonga nakshi. Waliliacha tupu, makusudi kabisa, ili hata mtoto wa shule akisimama pale aweze kusema kwa kidole: hili ni la kale, hili ni la juzi.

Hiyo ndiyo heshima tunayoitaka. Jengo lile halimdanganyi mtu.

Tukivuka mpaka kwa daraja la mto Debed tunaingia Georgia, na mambo hubadilika. Chakula kinazidi wingi, barabara zinazidi fujo, na divai hutolewa hata asubuhi. Huko divai huchachishwa katika mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata dalili kwamba kazi hiyo imefanywa katika nchi hiyo kwa muda wa miaka kama 8,000. Imani ya Kikristo waliletewa na mwanamke, Mtakatifu Nino, katika karne ya nne. Msalaba wake, wasemavyo, ulikuwa matawi ya mzabibu yaliyofungwa kwa nywele zake, na ndiyo sababu mikono ya msalaba wa Georgia inainama kidogo kama iliyochoka. Mtskheta, mji mkuu wa zamani, una kanisa kuu la karne ya kumi na moja ambalo ukutani mwake umechongwa mkono ulioshika chombo cha fundi. Hadithi husema kwamba fundi Arsukidze alikatwa mkono asije akajenga jingine zuri kama hilo. Kama ni kweli au si kweli, mafundi wote tuliokuwa nao katika basi, nao walikuwa wawili, walilitazama jiwe hilo kwa muda mrefu kuliko sisi wengine.

Juu kaskazini, katika njia iendayo Urusi, liko kanisa la Gergeti, peke yake juu ya kilima, mita 2,170 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake mlima Kazbek unaopita mita 5,000. Katika miaka ya 1980 serikali ya Sovieti ilijenga huko gari la kuning'inia kwenye waya ili watalii wasipate taabu ya kupanda. Wenyeji waliona kwamba mahali pao patakatifu pamevunjiwa heshima, wakaliharibu. Leo kuna barabara ya kisasa hadi juu, na magari hupandana kama siku ya soko. Hatusemi kwamba wagonjwa na wazee wasifike. Twasema tu kwamba wale wanakijiji walikuwa wamefahamu jambo ambalo wauzaji wa safari bado hawajalifahamu: mahali pengine taabu ya njia ni sehemu ya mahali penyewe.

Lakini kisa kikubwa kiko magharibi, katika mji wa Kutaisi. Juu ya mji huo liko kanisa kuu la Bagrati, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na moja katika enzi za Mfalme Bagrat wa Tatu, aliyeiunganisha Georgia chini ya taji moja. Mwaka wa 1003 umeandikwa kwenye jiwe lake. Mwaka 1692 askari wa Kituruki walililipua, na paa na kuba vikaporomoka. Tangu hapo lilikaa wazi kwa mvua na jua kwa zaidi ya karne tatu, kuta zake zimesimama kama meno ya mzee. Watu wa Kutaisi waliolewa na kusali humo chini ya mbingu. Mwaka 1994 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na monasteri ya Gelati iliyo kilomita chache kutoka hapo.

Halafu ikaja hamu ya kulitia paa. Kazi ilianza mwaka 2009 na kumalizika 2012. Mwaka 2010 UNESCO ilionya kwa kuviweka Bagrati na Gelati katika orodha ya urithi ulio hatarini, lakini kazi iliendelea. Lilipokwisha lilikuwa na kuba jipya, kuta zilizopandishwa, na upande mmoja vipande vya chuma na kioo ambavyo mbunifu aliviacha vionekane kuwa ni vya kisasa. Mwaka 2017 kamati ya UNESCO ikalitoa orodhani. Gelati ikabaki peke yake.

Tungependa kuwa waadilifu hapa, kwa maana ni rahisi mno kwa mgeni kuwacheka wenyeji. Tulizungumza na bibi mmoja anayeuza mishumaa mlangoni. Alituambia kwamba nyanya yake alikufa bila kuliona kanisa hilo likiwa na paa, na yeye ameliona, na hilo latosha. Ni nani kati yetu atakayemjibu? Kanisa halikujengwa liwe gofu la kupendeza katika picha za wageni. Lilijengwa watu wasali bila kulowa. Wataalamu wanaotoka mbali wakisema liachwe lilivyo, mwenyeji ana haki ya kuuliza kama wao nyumbani kwao husali mvuani.

Hata hivyo, twaonelea kwamba kosa lilifanyika, na kosa lenyewe si paa. Kosa ni kwamba kuta zilipandishwa kwa kukisia. Hakuna mtu aliye hai, wala mchoro kamili uliosalia, wa kutuambia jinsi kanisa hilo lilivyokuwa hasa kabla ya mwaka 1692. Fundi wa Garni alikuwa na mawe yake chini ya miguu, akayauliza kila moja mahali pake. Fundi wa Bagrati alikuwa na tarehe ya kumaliza. Kile kilichoko leo juu ya kilima cha Kutaisi ni kanisa zuri la karne ya ishirini na moja lililopandikizwa juu ya kuta za karne ya kumi na moja, na ukuta uliokwisha kufunikwa hauwezi tena kuulizwa swali. Kuweka paa jepesi la kuwakinga waumini, linaloweza kuondolewa siku moja bila kuumiza jiwe, lingekuwa jambo lingine. Paa la namna hiyo halifunguliwi kwa sherehe kubwa, nasi twashuku kwamba hiyo ndiyo sababu halikuchaguliwa.

Na Gelati je? Gelati ilianzishwa mwaka 1106 na Mfalme Daudi, ambaye Wageorgia humwita Mjenzi. Ilikuwa na chuo kilichofundisha falsafa wakati sehemu kubwa ya Ulaya haikuwa na chuo. Humo mna mozaiki ya Bikira Maria na malaika wawili, ya karne ya kumi na mbili, inayong'aa dhahabu hadi sasa, na kuta zote zimejaa michoro ya karne mbalimbali. Katika miaka ya karibuni paa lake lilibadilishwa ili kuyalinda hayo yote, na baada ya kazi hiyo maji ya mvua yakapenya na kuharibu baadhi ya michoro. Kwa hiyo hata nia njema, hata kazi ndogo ya vigae tu, yaweza kufanya katika misimu michache uharibifu ambao moto na majeshi havikuufanya. Linalotisha ni kwamba si adui aliyefanya hivyo, ni fundi wa kujitakia mwenyewe.

Wasomaji wetu wa pwani watakuwa wamekwisha kuona tunakoelekea. Lamu imo katika orodha hiyohiyo tangu mwaka 2001, Fort Jesus tangu 2011, na Gedi iliingia mwaka 2024. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na ukuta wa chokaa hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, ambayo ni rahisi kuipata dukani na hukauka upesi, unyevu hufungiwa ndani na jiwe huanza kuliwa kimyakimya nyuma ya lipu safi. Mwenye nyumba hulaumu hewa ya bahari. Mafundi wa chokaa wapo, ila kazi yao ni ya polepole na bei yake si ya saruji. Hapo ndipo panapotakiwa fedha za serikali, za kaunti na za wafadhili: kumlipia mwenye nyumba ile tofauti ya gharama kati ya chokaa na saruji, na kumlipa fundi mzee awe na vijana wawili wa kumfuata. Kupaka rangi jengo la mbele ya gati kwa ajili ya mgeni mashuhuri si uhifadhi. Na Gedi, ambayo uzuri wake wote ni kuta zilizovunjika chini ya miti mikubwa, Mungu aiepushe na mtu mwenye hamu ya kuitia paa.

Kwa yule ambaye bado ana nia ya kwenda Armenia na Georgia, ushauri wetu ni kwamba avuke nusu ya majina katika ile karatasi ya rangi. Achague Haghpat na akae kutwa. Aende Garni asubuhi, kabla ya mabasi, akatafute yale mawe tupu. Na Kutaisi aipe siku mbili, moja ya Bagrati na moja ya Gelati, azione zote mbili na kuamua mwenyewe kama tumekosea.

Akifika Gelati atazame lango la zamani la kusini. Mfalme Daudi alitaka azikwe hapo, njiani kabisa, ili kila aingiaye amkanyage kifuani. Jiwe ni refu, limechongwa herufi kubwa, nalo limelikaa lango lote kwa upana. Tulipofika, kiongozi wetu alituambia tupite juu yake bila hofu, kwa kuwa ndivyo mwenyewe alivyotaka. Alitangulia. Sisi wengine, wote kumi na watatu, tulijibana ukutani tukapita pembeni.